Saturni wa Goya: mchoro wa ukutani ulifikaje kwenye kanvasi?

SWALI: Nimesoma kwamba Goya, mchoraji wa Hispania, alimchora ukutani Saturni, yule mungu wa Kirumi aliyewala wanawe akihofia kupinduliwa. Lakini katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid, mchoro huo uko kwenye kanvasi. Rangi ya mafuta hubanduliwaje ukutani bila kuharibika?

JIBU: Ulichosoma ni kweli, ila hayo maneno "bila kuharibika" tuyafute. Iliharibika.

Nyumba yenye ukuta huo ilikuwa pembezoni mwa Madrid, na Goya aliinunua mwaka 1819. Kabla ya kuhamia Ufaransa mwaka 1824 alikuwa ameshajaza kuta za vyumba viwili kwa ile michoro 14 iitwayo Michoro Myeusi. Hakutumia freski, ambapo rangi hupakwa lipu ikingali mbichi, vikakauka pamoja na kuwa kitu kimoja. Alipaka rangi ya mafuta juu ya lipu kavu. Rangi ya namna hiyo hukaa juu ya ukuta kama ngozi. Unyevu ukiingia, lipu humomonyoka na ngozi huanza kuachia.

Mwaka 1874 mwenye nyumba mpya, Baron Émile d'Erlanger, alimpa kazi ya kuibandua Salvador Martínez Cubells, fundi mkarabati wa Prado. Kwa kawaida kazi hii hufanywa hivi: uso wa mchoro hubandikwa kitambaa kwa gundi ya wanyama. Gundi ikikauka hujikunja na kuivuta rangi, huku fundi akipitisha kisu kirefu kwa nyuma. Mchoro hulazwa kifudifudi, lipu iliyobaki mgongoni hukwanguliwa, kisha hugandishwa kanvasi. Mwisho hugeuzwa, na kile kitambaa cha mbele huondolewa kwa maji ya moto.

Freski huivumilia adha hiyo. Mafuta juu ya lipu kavu hayatoki sawasawa: huku yanang'oka, kule yanabaki ukutani, na mapengo hayo fundi huyajaza kwa brashi yake. Ushahidi tunao, kwa sababu Jean Laurent aliipiga picha michoro hiyo ingali ukutani. Katika ule wa wanaume wawili wanaopigana kwa virungu, ambao leo wamezama hadi magotini, picha ya Laurent inaonyesha nyasi.

Kwa hiyo ukimtazama Saturni, mpe Goya sifa ya utunzi: kile kiwiliwili kinachochomoza gizani, macho yaliyotumbuka, vidole vilivyozama katika mgongo wa maiti. Ulaini wa weusi wa nyuma usiutumie kupima mkono wake.

Leo tungetibu kwanza unyevu wa ukuta na kuuacha mchoro pale pale; kubandua ni hatua ya mwisho kabisa. Hata hivyo Cubells simlaumu sana. Nyumba yenyewe ilikuja kubomolewa, wakati michoro ilikuwa tayari mikononi mwa serikali ya Hispania, aliyoikabidhi d'Erlanger mwaka 1881.