Mapigo ya Moyo Yakienda Ovyo: Kwa Wakimbiaji na Waendesha Baiskeli wa Visiwani

Mtu aliyekimbia kwa miaka huwa na mapigo machache akipumzika. Wengi wetu tuna mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, lakini mkimbiaji wa masafa marefu anaweza kuwa na 45 na akawa mzima kabisa. Kwa hivyo uchache wa mapigo peke yake usikutie hofu. Cha kuangalia ni mpangilio wake.

Kaa kitako dakika tano. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na uhesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwani moyo unaokwenda ovyo unaweza kutulia sekunde 15 na ukavurugika zinazofuata. Mapigo yakiongezeka kidogo unapovuta pumzi na kupungua unapoitoa, hiyo ni kawaida, khasa kwa kijana mwenye mazoezi. Pigo moja likikosekana halafu likaja jengine zito, mara moja moja, kwa kawaida nalo si la kutisha. Tunalolizungumzia hapa ni mapigo yasiyo na mpangilio wowote, marefu na mafupi, mazito na mepesi, kama matone ya mwanzo ya mvua juu ya bati. Ugonjwa huu unaitwa etriali fibrilesheni, na kwenye cheti daktari huandika AF.

Kinachotokea ni kwamba vyumba viwili vya juu vya moyo vinaacha kusinyaa kwa pamoja na kubaki vinatetemeka, kwa sababu umeme wa moyo unazunguka humo bila njia maalumu. Vyumba vya chini hupokea msukumo bila ratiba, ndiyo maana mapigo yanakwenda ovyo na nguvu zinakatika. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kijifuko cha chumba cha juu cha kushoto. Damu ikituama humo huganda, na bonge likichomoka likapanda kichwani huleta kiharusi.

Mazoezi ya wastani hupunguza uwezekano wa kupata AF. Anayekwenda kukimbia viwanja vya Maisara, mjini Unguja, jioni tatu kwa wiki asitafute hapa sababu ya kuacha. Hatari inapanda kwa wale waliojisukuma kwa masafa marefu miaka mingi, na zaidi imeonekana kwa wanaume wa makamo. Huko Sweden, watafiti waliwafuatilia maelfu ya washiriki wa Vasaloppet, mashindano ya kuteleza kwenye theluji ya kilomita 90, wakakuta kwamba waliomaliza mashindano mengi zaidi na waliokuwa na kasi zaidi ndio waliopata zaidi matatizo ya mapigo. Chumba cha juu cha kushoto hutanuka kwa kazi nyingi, makovu madogo hujitokeza kwenye nyama yake, na neva ya vagasi, inayopunguza kasi ya moyo wakati wa mapumziko, inakuwa na nguvu kupita kiasi.

Hilo la neva linaeleza jambo linalowashangaza wengi, kwamba moyo umetulia uwanjani, ukaja kuvurugika usiku kitandani au baada ya kula. Kwetu hali hii inakutana na Ramadhani. Mtu ameshinda na kiu, amekimbia saa nzima kabla ya Magharibi, halafu anakaa kwenye futari: uji, muhogo wa nazi, ndizi mbivu, tambi, vyote kwa pamoja, kisha anajilaza. Upungufu wa maji, tumbo lililojaa na neva ya vagasi vimekutana saa moja. Kama moyo wako umeshawahi kukuvuruga, fungua kwa tende na maji, swali, kula kidogo, na chakula kizito kiache baada ya tarawehe. Kunywa maji kidogo kidogo mpaka daku. Mazoezi ya kabla ya futari yawe mepesi, dakika 30 hivi, na yale ya kasi yasubiri Mfunguo Mosi. Dafu ni zuri kwa potasiamu lakini sodiamu yake ni ndogo, kwa hivyo aliyetoka jasho jingi ale nalo kitu chenye chumvi. Kahawa ya barazani kwa kiasi si tatizo kwa walio wengi. Ukiona wewe inakuvuruga, iache.

AF ikikukamata mazoezini, utaijua kwa nguvu kukatika ghafla, pumzi kuwa fupi, na kasi ya moyo kuruka, kwa mfano kutoka 150 hadi 190, bila ya wewe kuongeza mwendo. Wengine hupata haja ndogo mara kwa mara baadaye. Saa ya mkononi inasaidia kukushtua, lakini ile inayosoma mapigo kwa mwanga hudanganya: hulegea kwa jasho, na wakati mwengine huhesabu hatua zako, 170 au 180 kwa dakika, ikazionesha kuwa ni mapigo. Mkanda wa kifuani ni bora zaidi.

Simama. Usijilazimishe kumaliza. Kaa kivulini, hesabu mapigo, andika saa ilipoanza, halafu nenda ukapigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hali bado inaendelea: Mnazi Mmoja kwa walioko mjini Unguja, Abdalla Mzee au Chake Chake kwa walioko Pemba. Ukisubiri mpaka itulie, ECG itatoka safi na utarudi nyumbani bila jibu. Omba nakala ya karatasi na uipige picha. Ile saa uliyoandika ina kazi yake, maana hali ikishapita saa 48 (miongozo mipya ya Ulaya inasema 24), au ikiwa haijulikani ilianza lini, kwa kawaida daktari hatourudisha moyo kwenye mpangilio kwa umeme au dawa mpaka unywe dawa ya kuzuia damu kuganda wiki tatu kwanza, au uchunguzwe kwa ndani kuhakikisha hakuna bonge. Ukiwa na maumivu ya kifua, ukizimia, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hiyo ni dharura. Watu wakupeleke hospitali, usiendeshe mwenyewe.

Kabla ya kuyalaumu mazoezi, pigwa ECHO, kipimo kinachotoa picha ya moyo. Huku kwetu homa ya baridi yabisi ya moyo, inayofuata maambukizi ya koo ya utotoni, bado inaharibu vali, yaani milango ya moyo, na mchezaji wa miaka 22 mwenye AF achunguzwe kwanza vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto. Vali hiyo ikiwa imebana kwa kiasi cha kati au zaidi, dawa ya kuzuia damu kuganda ni wafarini. Utafiti uliotolewa 2022 ulionesha kwamba rivaroxaban, dawa nyengine ya kuzuia damu kuganda, haikufikia matokeo ya wafarini kwa wagonjwa wa aina hii. Pimwa pia presha, tezi ya thairoidi, potasiamu na magneziamu. Kama unakoroma na pumzi inakatika usingizini, mwambie daktari. Kipimo cha kuvaa saa 24 au zaidi, na matibabu ya kuunguza sehemu zinazoanzisha vurugu hiyo, ni mambo ya kumuuliza daktari bingwa, na mara nyingi rufaa huenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Dawa ya kuzuia damu kuganda haitolewi kwa kuangalia wepesi wako uwanjani. Umri wa miaka 65 na zaidi, presha, kisukari, moyo kushindwa kazi, ugonjwa wa mishipa na kiharusi cha zamani ndivyo vinavyoamua. Kijana wa miaka 40 asiye na hata kimoja, na vali zake nzima, mara nyingi haihitaji. Mzee wa 68 mwenye presha anaihitaji hata kama anamaliza nusu marathoni, na aspirini haichukui nafasi yake. Dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama bisoprolol, huifanya miguu iwe mizito na zimekatazwa kwenye mashindano ya kulenga shabaha. Ukipewa flecainide, dawa ya kurudisha mpangilio wa moyo, ya kunywa hali inapoanza, usirudi mazoezini mpaka moyo utulie na dawa itoke mwilini kwa muda aliokuambia daktari. Kukimbia na dawa hiyo wakati moyo umevurugika kunaweza kuyapandisha mapigo kwa hatari.

Anayetumia wafarini asiache mchicha, kisamvu wala matembele. Ale kiasi kilekile kila wiki, kwani vitamini K iliyomo ikipanda na kushuka, INR, kipimo cha namna damu inavyochelewa kuganda, ambacho kwa AF hulengwa 2 hadi 3, hakitulii. Mwenye vali ya bandia hupangiwa lengo lake. Habasoda na dawa za miti zitajwe kwa daktari. Rivaroxaban ya miligramu 15 au 20 inywewe na chakula, na Ramadhani wakati wake mzuri ni futari. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wakimbiaji hununua dukani kwa maumivu ya goti, zikichanganywa na dawa hizi zinaweza kuleta damu tumboni. Tumia parasetamoli kwa kiasi alichokuelekeza daktari. Mpira wa kugongana uache kwa muda wote unaotumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na kwenye baiskeli usipande bila kofia ngumu, hata kama ni kwenda dukani tu.