Shafti iliyokatika mara tatu

SWALI: Namaliza sekondari na napenda mashine. Mjomba wangu, makanika wa siku nyingi, anasema uhandisi wa mitambo ni ufundi uleule, ila wa kukalia darasani miaka minne. Ni kweli? Na hesabu zote hizo ni za nini?

JIBU: Mjomba wako nisalimie. Nusu ya kazi hii nimefundishwa na mafundi kama yeye, kwa hiyo sibishani naye. Nikuonyeshe tu ile nusu nyingine.

Nilipoanza kazi nilikabidhiwa pampu ya maji iliyokuwa ikikata shafti, ile fimbo ya chuma inayoizungusha. Ya kwanza tukabadilisha. Ya pili tukaweka ya chuma kigumu zaidi, ikakatika palepale, pale inaponenepa karibu na beringi. Ya tatu nayo hivyohivyo. Mkubwa wangu akaokota kipande, akakifuta grisi, akanipa. Pale kilipokatika palikuwa na mistari iliyopinda kama pete za ndani ya gogo, imeanzia ukingoni, kwenye kona kali. Upande wa pili palibaki sehemu ndogo yenye chengachenga. Hiyo ndogo ndiyo iliyokatika siku ile. Kwingine kote ufa ulikuwa ukitambaa muda mrefu, na sisi tunapaka grisi.

Shafti ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hupindwa zaidi ya mara milioni 2 kwa siku. Chuma nacho huchoka, na huanza kuchoka penye kona. Dawa ilikuwa kumwomba mkerezaji, fundi anayechonga chuma kwenye mashine, aiviringe ile kona isiwe kali, milimita 3 tu. Shafti ya nne niliiacha inazunguka nilipohama. (Kona kali, nikiri, ilikuwa kwenye mchoro wangu. Niliunakili kutoka shafti ya zamani bila kuuliza.)

Wenzetu walilijua hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1842 ekseli ya treni, yaani chuma kinachoshika magurudumu, ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, wakafa watu zaidi ya 50. Baadaye Mjerumani August Wöhler alizijaribu ekseli kwa miaka, akaonyesha kwamba mzigo ambao chuma huubeba mara moja bila shida unaweza kukivunja ukirudiwa mara nyingi.

Darasani utakuta pia joto, vimiminika, mwendo na namna ya kutengeneza vitu. Joto ndilo lililonisumbua kuliko yote, lakini hesabu yake ina faida ya haraka: bomba la chuma la mita 10 likipata joto la nyuzi 100 zaidi hurefuka kama milimita 12. Ukilibana ncha zote mbili, litapinda au litang'oa kilicholibana. Afadhali ulijue hilo kwenye karatasi, bomba likiwa bado stoo.

Sasa mwombe mjomba asitupe bolti wala ekseli itakayokatika. Ifute, ipeleke kwenye mwanga wa pembeni, utafute ile mistari. Ukiiona, mwulize yeye ufa umeanzia wapi. Huenda akakujibu kabla yangu.