Kupanga vipengele vya modeli katika makundi kabla ya kuvihamisha

Ndugu, umeuliza kama vipengele vya modeli ya data, kama vile majedwali, vihamishwe kimoja kimoja au kwa kundi vinapotoka kwenye mazingira ya utengenezaji kwenda ya majaribio. Nashauri kundi, na kigezo chake kiwe utegemezi, si folda wala mtu aliyevihariri: jedwali la Agizo lenye ufunguo unaorejelea jedwali la Mteja lisiondoke peke yake, kwa sababu huko liendako rejeo hilo litakosa pa kushika na uhamisho utakwama. Kwenye Git na Subversion, ambazo ni programu za kutunza matoleo ya faili, weka kundi zima katika komiti moja, yaani fungu la mabadiliko yanayohifadhiwa pamoja, ambalo huingia lote au haliingii kabisa. CVS, programu nyingine ya aina hiyo, huhesabu toleo la kila faili kivyake, kwa hiyo huko lipe kundi lebo moja, yaani jina moja linaloyashika matoleo ya faili zake zote, kisha uhamishe kwa lebo hiyo.