Ritifaa inayomficha ng'ombe, na maswali mengine ya wasomaji

Swali: Mhariri, salaam. Tuna duka la kuchapa barua na kutoa kopi hapa Malindi. Kijana wetu ametuandikia makro (programu ndogo) za Python ndani ya LibreOffice za kutafuta na kuhesabu maneno. Tukitafuta "ng'ombe" kwenye barua ya mteja, jibu ni sifuri, na neno tunaliona kwa macho yetu. Idadi ya maneno nayo huzidi kila mara. Kosa ni la makro au la faili?

Jibu: Faili ni nzima, ndugu yetu. Shida ni ritifaa, ile alama iliyo baada ya "ng" katika "ng'ombe". Ile ya kibodi ni alama nambari 39 katika Unikodi, orodha inayoipa kila herufi na alama nambari yake. Programu ya kuandikia, ikiwa imewashwa mapambo ya alama za kunukuu, huibadilisha kimyakimya kuwa ile iliyopinda, nambari 8217. Kwa jicho ni ndugu mapacha, kwa kompyuta hawajuani. Mteja ameandika kwa iliyopinda, nyinyi mnatafuta kwa iliyonyooka. Wengine huongeza mkanganyiko kwa kubonyeza kile kialama cha juu kushoto cha kibodi, nambari 96.

Dawa ni fanksheni moja ya kusawazisha, itangulie kazi nyingine zote:

```
import re
R = re.compile("(?<=ng)[\u2018\u2019\u02bc\u0060\u00b4](?=[aeiouw])", re.I)

def sawazisha(s):
    return R.sub("'", s)
```

Tazameni masharti yake: alama hubadilishwa ikiwa tu imetanguliwa na "ng" na kufuatwa na irabu au "w". Msifanye pupa ya kubadilisha kila ritifaa iliyopinda ndani ya waraka, maana alama hiyohiyo hufunga maneno yaliyonukuliwa, na hapo mtaharibu kazi ya mteja.

Jambo la pili ambalo wengi hulikosa: fanksheni hii hutoa alama moja na kuweka moja, kwa hiyo urefu wa stringi, yaani mfuatano wa herufi, haubadiliki. Tafuteni ndani ya nakala iliyosawazishwa, kisha mahali mlipopata panalingana sawasawa na waraka wa asili, na rangi ya kuonyesha neno itaangukia pake. Fanksheni inayopunguza au kuongeza herufi, kwa mfano ya kufuta nafasi mbilimbili, itawapotosha: rangi itaanza katikati ya neno la jirani.

Idadi ya maneno huzidi kwa sababu ruwaza (kielelezo cha kutafutia) `\w+` haiitambui ritifaa, iwe iliyonyooka au iliyopinda. "Ng'ombe" anakatwa kuwa "ng" na "ombe", maneno mawili. Baada ya kusawazisha tumieni `\w+(?:'\w+)*`. Mkilipisha kwa neno, kosa hili mteja anayo haki ya kulalamikia.

Mwambieni kijana asitumie `title()` kwa vichwa vya habari, atapata "Ng'Ombe" na O kubwa. `string.capwords()` hutoa "Ng'ombe", ingawa nayo hubana nafasi mbilimbili kuwa moja. Na mkiona "ngâ€™ombe" kwenye karatasi, hiyo ni ritifaa iliyopinda iliyohifadhiwa kwa UTF-8, ambako huchukua baiti tatu, kisha faili ikafunguliwa kama Windows-1252, ambayo ni njia nyingine ya kuhifadhi herufi. Ifungueni upya kwa kuchagua UTF-8. Kusahihisha kwa mkono ni kuchota bahari kwa kijiko.

Swali: Nimeandika makro ya VBA (lugha ya makro ya Microsoft Office) inayotumia Trim kusafisha majina yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti. Majina mengine bado yana nafasi mwishoni. Kwa nini? (Msomaji, Malindi)

Jibu: Trim ya VBA huondoa nafasi ya kawaida tu, nambari 32. Kurasa za tovuti hupenda nafasi isiyokatika, nambari 160. Anza na `Replace(s, ChrW(160), " ")`, ndipo Trim. Tabo pia Trim haiigusi. Python ina nafuu, `strip()` huondoa zote mbili, lakini nayo huiacha nafasi isiyo na upana, U+200B, ambayo haionekani kabisa. Ukishuku, pima urefu wa jina: "Halima" likirudi na 7 badala ya 6, kuna mgeni ndani.

Swali: Asalaam alaikum. Tunachapa tenzi za wazee wetu hapa Lamu. Tunataka programu ihesabu mizani, yaani silabi, za kila kipande. Tumejaribu kuhesabu irabu lakini vipande sahihi vinatoka 7. (Wasomaji, Mkomani)

Jibu: Waalaikum salaam. Kipande cha utenzi kina mizani 8, na irabu peke yake haitoshi kwa sababu "m" na "n" mara nyingine hubeba mizani zenyewe. Chukueni "Nchi njema ni ya Amu": irabu ni 7, lakini msomaji hutamka n-chi, kwa hiyo ni 8.

```
def mizani(neno):
    n = sawazisha(neno).lower()
    irabu = len(re.findall("[aeiou]", n))
    m = len(re.findall("m(?=[^aeioubvw])", n))
    fupi = irabu == 1 and re.match("m[bv]|n(?!g'|[aeiouyw])", n)
    return irabu + m + (1 if fupi else 0)
```

Ipeni fanksheni neno moja moja, bila koma wala nukta. Mstari wa `m` hushughulikia mtu, mgonjwa, hamsini. Mstari wa `fupi` ni wa maneno yenye irabu moja tu: mbwa, mvi, nchi, nge, nta. Ng' na ny zimetengwa kwa kuwa ni konsonanti moja.

Sasa palipo pagumu. "Mvua" ni mvu-a, mizani 2, lakini "mvuvi" ni m-vu-vi, 3. "Mbaya" katika "nyumba mbaya" ni 2, katika "mtu mbaya" ni 3. Hakuna ruwaza ya herufi itakayotenganisha haya, kwa sababu tofauti iko kwenye ngeli. Tengenezeni orodha ndogo ya maneno ya mtu yanayoanza na mb na mv (mbunge, mvuvi, mvulana) na programu iitazame kwanza. Maneno ya asili ya Kiarabu kama "labda" na "daftari" yaachieni sikio. Tunashauri programu isisahihishe chochote, bali ipake rangi kipande kisichofika au kinachozidi 8, naye mwenye kujua aamue.

Na mkitaka kulinganisha tahajia ya Kiamu na ya Kiswahili sanifu, msibadilishe "nti" kuwa "nchi" bila mipaka ya neno, `\bnti\b`. Bila hiyo, sentimita zenu zote zitakuwa senchimita.

Swali: Je, kwa tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, tufute irabu za juu na chini ili utafutaji uwe rahisi? (Msomaji, Langoni)

Jibu: Kwa Kiarabu ni desturi, kwa Kiswahili ni hatari. Mkifuta alama za U+064B hadi U+0652, "pata", "pita" na "pota" zilizoandikwa kwa irabu fupi zote huwa پت. Futeni kirefushi tu, kile kistari cha kurefusha herufi, U+0640, kisha mwunganishe ye mbili (U+064A na U+06CC) na kaf mbili (U+0643 na U+06A9), kwa maana kibodi za simu na za kompyuta hutofautiana hapo. Wala msigeuze stringi kinyumenyume kwa kuwa maandishi yanaanzia kulia. Ndani ya kumbukumbu herufi ya kwanza ni ya kwanza, na kuipanga kulia ni kazi ya skrini.