Kwa nini wafungwa walimfuata Irwin
Bro, umeuliza kwa nini wafungwa wa jela ya jeshi kwenye filamu ya The Last Castle (2001) wanamtii Irwin, mfungwa mwenzao, jenerali aliyevuliwa cheo, ilhali Kanali Winter, mkuu wa jela, ndiye mwenye funguo na bunduki. Rudia ile adhabu ya mawe. Irwin anabeba mawe makubwa kuvuka uwanja, jasho linamtiririka, hatoi hotuba yoyote, na wafungwa wanaanza kumshangilia. Winter yuko juu ofisini, anachungulia dirishani, kabatini amejaza vifaa vya vita ambavyo hakupigana. Hapo mambo yameisha.

Halafu saluti zimepigwa marufuku, kwa hiyo jamaa wanapitisha mkono kwenye nywele badala yake. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi hapa Lanet niliyeitazama naye alicheka mpaka chai ikamwagika. Ati afande anaweza kukuamuru usimame wima, lakini heshima hakulazimishi.

Mwisho wake umetiwa chumvi kidogo, nakubali. Ukitaka kali zaidi, tafuta The Hill ya 1965, ya Sean Connery: jela ya jeshi la Uingereza huko Libya, wafungwa wanapandishwa kilima cha mchanga juani. Humo hakuna jenerali wa kuwaokoa.