Usitie sahihi karatasi za dalali kabla dai lako halijafika kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini

Usiitie sahihi hiyo karatasi. Umeeleza kwamba mashine ilikuponda mkono kiwandani Athi River miezi minne iliyopita, na kwamba kuna dalali wa kesi aliyekufuata wodini akitaka wakili wake amshtaki mwajiri. Mimi ndiye yule mjinga aliyetia sahihi, tena kwa mwandiko mzuri, kwa sababu mkono uliobaki na vidole vitatu ulikuwa wa kushoto.

Aliyenifuata mimi alikuwa na viatu vilivyong'aa kuliko sakafu ya wodi na mkoba wenye fomu zilizokwisha kupigwa chapa, nafasi ya jina pekee ikiwa wazi. Aliniambia kwamba kwa serikali ningepewa pesa ya soda, ilhali hakimu hutoa mamilioni. Hakuniambia kwamba kifungu cha 16 cha Sheria ya Kenya ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri moja kwa moja kwa ajali ya kazini. Wala hakuniambia kwamba mvutano juu ya kifungu hicho, ambao chama cha mawakili kiliupeleka kortini na kupata ushindi katika Mahakama Kuu mwaka wa 2009, ulimalizwa na Mahakama ya Juu tarehe 3 Desemba 2019, kifungu kikabaki kilivyo. Kesi yangu ilifunguliwa 2021! Mtu anayeishi kwa kutafuta majeruhi hawezi kuniambia kwamba habari hiyo ilikuwa haijamfikia.

Nilifika kortini mara sita, kila mara nikipoteza kibarua cha siku nzima ili kusikia kwamba kesi imeahirishwa. Mara ya saba wakili wa kampuni ya bima alisimama na pingamizi la awali la kurasa mbili, akasema mahakama haina mamlaka, na hakimu akakubaliana naye. Hakuna aliyebisha kwamba niliumia; mkono wenyewe haukutazamwa. Wakili wangu, ambaye nilikuwa nikimwona kwa mara ya pili maishani, alinipiga begani akaingia kwenye chumba cha kesi nyingine, na dalali hajashika simu yangu tangu siku hiyo.

Nilipokimbilia ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini, DOSHS, afisa alisoma tarehe ya ajali akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Sikumsaidia, kwa kuwa vyangu vinane visingefika kumi na miwili, na kumi na miwili ndiyo miezi ambayo sheria humpa majeruhi kuwasilisha dai. Yangu ilikuwa kumi na tisa, na mwajiri hakuwa amepeleka taarifa yoyote, ingawa alitakiwa kumwarifu Mkurugenzi ndani ya siku saba.

Hiyo pesa ya soda nimeipigia hesabu usiku mwingi. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, kisha huchukuliwa asilimia ambayo daktari amekupa; kwa mshahara wa shilingi 15,000 na ulemavu wa asilimia 10, hiyo ni shilingi 144,000. Ukiona umepunjwa, una siku 60 za kumpelekea Mkurugenzi pingamizi lako, na akikujibu usiporidhika, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapo ndipo wakili ana kazi, na hapo mlipe.

Kesho chukua kadi ya matibabu, hati ya mshahara na jina la mwenzako aliyeona ajali, uende ofisi ya DOSHS iliyo karibu nawe bila kumngoja mwajiri, na usiondoke bila nakala iliyopigwa muhuri wenye tarehe. Dalali akipiga simu tena, mwulize fomu ya WIBA 1, ile ya taarifa ya ajali, ina sehemu ngapi. Wangu hakuwahi kuiona.