Barua kwa Mwanangu: Jezi Zenu Ziko Tayari

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Majengo hatujambo, kifua cha babako kimepoa, na nyanya yako anakuulizia kila adhuhuri kana kwamba umesafiri, nawe uko hapo tu ng'ambo ya daraja la Nyali.

Jumapili uliponipigia nilikuwa na bi harusi amesimama mbele yangu na pini zimenijaa kinywani. Nikakwambia tutaongea, nikakata. Tangu hapo swali lako halijanitoka. Ulisema: "Mama, timu yetu ya mpira ya chuo imecheza mechi tisa, sare mbili, saba tumefungwa. Tuko mkiani na hakuna hesabu ya kututoa. Wenzangu wanasema Jumamosi tusiende Ukunda, wale wa huko wachukue pointi za mezani bila kucheza, sisi tukae tusome mitihani. Mimi ndiye nahodha. Twende tukafanye nini?" Kisha ukanyamaza, na sauti yako ikashuka: "Au ni mimi niliyeshindwa?"

Hilo la mwisho nalijibu kwanza kwa sababu ndilo lililonikosesha usingizi. La, mamangu, si wewe. Mlianza msimu mkiwa 22. Wengine wakaenda atachmenti, yale mazoezi ya kazi, wengine karo ikawarudisha makwao, wawili wakaumia magoti, leo mmebaki 12. Kiwanja mnapewa wanaume wakishamaliza, jua nalo linazama, mnafanya mazoezi ya nusu saa mpira hauonekani. Nahodha hawezi kuzaa wachezaji wala kulisimamisha jua. Uliloweza kufanya umelifanya, nami ninao ushahidi wangu, nitakwambia ni upi.

Furushi la jezi ulilonitumia lilinikalisha mpaka usiku wa manane. Mimi mpira siujui kama babako, lakini nguo naijua. Nguo iliyovaliwa haifichi kitu. Yako, namba 6, bega la kushoto limechanika kwenye mshono, na mpasuko ule si wa kuchakaa, ni wa kuvutwa. Kuna mtu alikushika jezi ukiwa mbele yake, nawe hukusimama. Namba 3 na namba 8 majani yamekolea mapajani hata sabuni imeshindwa. Wale wasichana wanateleza kufuata mpira mpaka dakika ya mwisho. Timu iliyokata tamaa hailetei fundi jezi za namna hii, mwanangu.

Ya mlinda lango ndiyo iliyonisimamisha cherehani. Kiwiko cha kulia kimetoboka, nimekitia kiraka mara mbili. Kiwiko cha kushoto kiko kipya, kitambaa bado kinang'aa. Nikageuza upande wa ndani, nikatazama nyonga, ikawa vilevile: kulia kumeparuzika, kushoto hakujaguswa. Binti huyo anaangukia upande mmoja tu. Yumkini aliumia kushoto akaogopa, au hakuna aliyewahi kumfundisha. Mabao 31 mliyofungwa sikuyaona, lakini ningekuwa wewe ningemuuliza mangapi yamepita kushoto kwake. Kesho jioni mpeleke ufuoni maji yakitoka, umrushie mpira kushoto tu, kwenye mchanga, mpaka mwili uzoee. Mchanga haumizi. Siku tatu hazitoshi kumfanya hodari, najua, lakini zinatosha kumwondolea woga kidogo.

Sasa hilo la kwenda au kutokwenda.

Sijawahi kukuhadithia habari hii. Mwaka 1989, nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa nacheza netiboli, ulinzi. Tulifungwa muhula mzima. Mechi ya mwisho ilikuwa na shule ya jirani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Asubuhi ile tulishakata machungwa ya kula mapumziko, tukayatia kwenye beseni na kitambaa juu. Mwalimu akaja akatwambia hatuendi, tutajiaibisha na tutaiaibisha shule. Tukavua viatu. Machungwa tukayala darasani, hakuna aliyesema neno. Mechi tulizofungwa siku hizo zote nimezisahau, sikumbuki hata moja ilikuwa ngapi kwa ngapi. Hii ambayo hatukuicheza ndiyo ninayo mpaka leo. Nikikutana na wenzangu wa wakati ule harusini, tutaongea ya watoto, ya ndoa, ya marehemu, na mwisho lazima mmoja wetu atasema: "Siku ile lau tungeenda." Miaka yote hii! Nami sitaki uje kuwa na umri wangu ukilibeba neno hilo.

Halafu nikafikia zile hijabu nne mlizonitia ndani ya furushi. Nimezifumua nyuma nikatia lastiki, pini zote nimezitoa, shingoni kitambaa ni chepesi na kinaachia kikivutwa. Nikizishona nilikuwa nawawaza wale wasichana wa timu ya taifa ya Iran. Juni 2011 walikuwa Jordan, mechi ya kutafuta nafasi ya Olimpiki ya London, wameshavaa, wameshaingia uwanjani, wakaambiwa hijabu zao haziruhusiwi. Mechi haikuchezwa. Jordan wakapewa ushindi wa mezani, 3-0. Picha zao wakilia nyasini zilizunguka dunia nzima. Ilibidi mpaka 2014 ndipo kanuni ikabadilishwa rasmi, na 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akaingia Kombe la Dunia la wanawake na hijabu yake kichwani. Basi nikawa natazama kitambaa kile mkononi najiuliza: wenzenu walinyang'anywa mechi yao wakalia, nyinyi yenu mnataka kuitoa kwa hiari?

Usinielewe vibaya. Sikwambii mtashinda. Ukunda ni timu nzuri na nyinyi mmechoka, mnaweza kufungwa tano. Unaniuliza mwende mkafanye nini, nami nakwambia mwende mkacheze mpira, ndilo mliloliendea tangu siku ya kwanza. Unakumbuka Oktoba 2024, wale wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walipokwenda Jamhuri ya Dominika? Timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la soka la aina yoyote. England wakawafunga 2-0, Korea Kaskazini wakawafunga 3-0, safari ikawa imekwisha, imebaki mechi moja isiyowapeleka popote. Wakaingia wakaifunga Mexico 2-1. Babako alipiga kelele jirani akadhani tumeingiliwa. Ushindi wa kwanza wa Kenya kwenye Kombe la Dunia la soka ulitoka katika mechi ambayo mtu mwingine angeiita ya bure.

Na wafikirie hao wa Ukunda pia. Wamefanya mazoezi, mama zao wamefua jezi, pengine kuna aliyemwalika babake kwa mara ya kwanza. Ukiwatumia ujumbe Ijumaa usiku kwamba hamwendi, umewavunjia Jumamosi yao vilevile.

Wapo wenye udhuru, nao uwasikilize kwa heshima. Mwenye goti asicheze hata akilia. Kano za goti wasichana wanaumia zaidi kuliko wavulana, na kano ikikatika ni karibu mwaka mzima wa kuuguza. Akae nje apige makofi. Kanuni inataka wachezaji wasiopungua saba ili mechi ianze. Nyinyi hata mkitoa mwenye goti na yule mwenye mtihani wa asubuhi mnabaki kumi. Kumi wanacheza. Mkipungua chini ya saba, hapo kanuni imeshawaamulia na hakuna wa kukulaumu.

Wewe usimlazimishe mtu. Waite leo baada ya isha, uwaambie wewe utakwenda, na sababu yako uiseme kwa maneno yako, si kwa haya yangu. Kisha nyamaza uwasubiri. Najua utaogopa kile kimya. Usikijaze.

Nauli isiwe sababu. Feri haitozi anayevuka kwa miguu, kwa hivyo shukeni kivukoni na mabegi yenu, vukeni, mpande matatu ya Ukunda upande wa Likoni. Jana kwenye chama nimewaambia shoga zangu, wamechanga ya kuwapeleka na kuwarudisha. Nitaivukisha kwako kwa M-Pesa kesho mchana. Mimi na mamako mdogo tutakuja na mahamri na mbaazi, na machungwa nitakata mwenyewe.

Limebaki jambo moja. Furushi aliniletea yule wa mwaka wa kwanza, mwembamba, anayetoka Taveta. Alikaa kwenye mbao akanitazama nikifumua uzi, karibu saa nzima, hakutaka kuondoka. Nikamuuliza yako ni ipi. Akaingiza mkono mpaka chini kabisa, akaichomoa namba 17, akaniwekea magotini. Ilikuwa bado na mkunjo wa dukani kifuani, mistari miwili imenyooka, na kile kijiuzi cha lebo kwapani. Mechi tisa hajaingia hata dakika moja, na jezi anaifua kila Jumapili pamoja na wenzake, akaikunja vilevile ilivyokuja. Hakulalamika. Aliniomba tu nimpunguzie, maana inamvuka mabegani.

Jumamosi mko kumi, mwanangu. Hakuna wa kukaa benchi.

Nimempunguzia inchi moja kila bega na mikono nimeipandisha. Iko juu kabisa ya furushi, barua hii nimeikunja ndani yake. Mwambie aijaribu usiku huu, ainue mikono yote miwili, akimbie nayo kidogo hapo uani. Ikimbana kwapani anipigie, nitakuwa kwenye cherehani mpaka saa tano.

Mamako